Lori Lisilobeba Kitu

Mliolikunja gazeti Jumamosi iliyopita mkiwa mmeshika pumzi, msiiachie bado. Spana ya Mutisya ingali juu ya nati ya tano.

Alikuwa amechuchumaa mbele ya gurudumu la mbele la lori la shemeji yake, ndani ya ploti ya ukoo huko Njiru. Ilikuwa saa tano kasorobo asubuhi. Nati nne alikwisha kuzilegeza. Jeki ilikuwa imeliinua gurudumu kiganja kizima kutoka ardhini.

Langoni alisimama Kweyu, fundi aliyelitumikia jeshi miaka ishirini na miwili. Kikapu cha vifaa kilikuwa kimemponyoka begani.

"Mutisya! Ondoa mkono! Usiiguse hiyo!"

Mutisya aligeuza shingo tu. Kiwiliwili hakikuhangaika.

"Karibu, fundi. Umechelewa."

"Hizo si nati za kutolea gurudumu!"

"Macho yangu yanaona nati. Yako yanaona nini?"

"Sikiliza, bwana! Gurudumu la jeshi ni la vipande viwili. Nati za duara la ndani ndizo zinazolishika kwenye ekseli. Hizo za duara la nje zinavishika vipande vyenyewe, na tairi limejaa upepo! Ukilegeza mbili zaidi, rimu itafumuka ikuondolee kichwa!"

Mutisya alicheka kicheko kirefu, cha mtu aliyeambiwa kwamba chooni mna simba.

"Umetafuta uongo wote wa kambini ukaleta huo? Nikilegeza, kichwa kitaruka! Nikiacha, lori litatembea, na huyo shemeji yangu atashangilia. Sivyo?"

Akaikaza mikono, akaisukuma spana.

Nati ya tano ikalia.

Kwa msomaji aliyejiunga nasi leo, mambo yamefika hapa kwa njia ifuatayo. Kasiva, mjane wa Mutie, ni karani wa kupiga taipu mjini. Mwaka wa 1994 alikwenda kwenye mnada wa magari yaliyostaafishwa na jeshi, akarudi na lori zee la Bedford lililovutwa kwa mnyororo. Hakulinunua libebe mchanga. Hakulinunua libebe mawe wala watu. Alilinunua kwa sababu alilipenda, na kwa muda wa miezi kumi na minne amekuwa akilifungua na kulifunga kila Jumamosi, akizisugua sehemu zake kwa mafuta ya taa hadi kucha zake zikawa nyeusi.

Mtu husamehewa ulevi huko Njiru. Husamehewa hata wizi, akiwa ameiba mbali. Lakini lori lisilobeba kitu halisameheki.

Mutisya, mdogo wa marehemu, ni dalali wa mchanga. Amelitamani lori hilo tangu lilipoingia. Ndipo ukoo ulipokaa, na Mzee Ngui, ami wa marehemu, akatoa hukumu: "Gari linalotembea ni la mwenyewe. Gari lisilotembea ni chuma, na chuma kilichomo katika ploti ya ukoo ni cha ukoo. Jumamosi, kabla ya saa sita adhuhuri, lori liwe limetoka humu kwa nguvu za injini yake. Likishindwa, Mutisya alichukue."

Leo ndiyo hiyo Jumamosi. Na lori lenye magurudumu matatu halitembei.

Kasiva alitokea nyuma ya Kweyu akiwa na mtungi wa petroli kichwani. Alikuwa ametoka kuinunua barabara ya Kangundo. Aliziona nati, akamwona shemeji yake, akausikia mlio.

Ulikuwa mlio mwembamba, kama wa mtu anayesaga meno usingizini. Vipande viwili vya rimu vilikuwa vimeanza kuachana.

"Shemeji, toka hapo," alisema.

"Na wewe pia umefundishwa wimbo?"

"Mutisya, nakuomba. Toka."

"Nitatoka nalo."

Jambo la kutisha lilikuwa hili, wasomaji: kila neno aliloambiwa lilikuwa kweli, na hakuna mtu duniani ambaye angeweza kumfanya aliamini. Watu hawa walikuwa wamedanganyana mwaka mzima. Walidanganyana kuhusu funguo, kuhusu maji, kuhusu siku za vikao. Sasa ukweli ulipokuja, ulikuja umevaa nguo za uongo.

Kasiva aliutua mtungi. Alitazama nati ya sita, ambayo spana ilikuwa inaitafuta, kisha akalitazama vali la tairi.

Alijua hesabu yake. Upepo ukitoka, rimu haina nguvu ya kufumuka, na Mutisya ataishi. Upepo ukitoka, lori halitembei, na saa sita itakapogonga litakuwa la Mutisya.

Akaenda.

"Usipite mbele yake, Mama Ndindi!" Kweyu alipaza sauti. Ndindi ni bintiye Kasiva, aliyeko shule ya bweni. "Pitia ubavuni! Jibanze kwenye boneti!"

Alijibanza. Alinyoosha mkono juu ya bega la Mutisya, akafungua kifuniko cha vali, akaukandamiza ufunguo wa nyumba kwenye kijiti cha ndani.

Upepo ulitoka kwa kishindo. Vumbi liliruka usoni mwa Mutisya, akaanguka kwa matako, spana ikamtoka mkononi.

Alikohoa. Akafuta macho. Akaona alichokuwa anafanya shemeji yake, na uso wake ukang'aa kama uliopakwa mafuta.

"Mzee Ngui! Mzee! Njoo ushuhudie! Analitoa upepo kwa mkono wake mwenyewe!"

Mzee Ngui alikuwa ameketi kando ya lango tangu saa tatu, juu ya kiti cha kukunja alichotoka nacho nyumbani kwake, mtaa wa Tena, saa ya mfukoni mkononi. Hakuinuka.

"Nimeona," alisema.

Kasiva hakuondoa ufunguo. Dakika tatu nzima aliukandamiza, kidole kikifa ganzi, mpaka tairi likalegea kama shavu la ajuza na mlio ukakoma.

Hapo Kweyu alisogea. Alizizungusha nati ya tano na ya sita kwa spana, nyepesi, kama anayefungua chupa ya soda, na kipande cha nje cha rimu kikaruka chenyewe kwa mlio wa kengele, kikaacha mwanya wa kupitisha vidole vinne. Na hapo upepo ulikuwa umekwisha.

Mutisya aliutazama mwanya huo. Muda wa pumzi moja hakuwa na damu usoni.

"Uso wako ulikuwa hapa," Kweyu alimwambia, akiweka ngumi mahali penyewe.

Mngetarajia shukrani. Hamjamjua Mutisya.

Kweyu alikuwa ameinama, anaikwangua nati moja kwa ukucha. Rangi ya buluu ilibanduka. Chini yake palikuwa pekundu.

Aliinuka polepole.

"Nani alizipaka nati hizi buluu?"

Aliwatazama mmoja mmoja.

"Jeshini nati hizi hupakwa nyekundu. Nyekundu maana yake ni kifo. Hata kuruta wa siku mbili anajua asiziguse kabla ya kutoa upepo. Nilipoliacha lori hili kwenda Ziwani kuuguza mguu wangu, zilikuwa nyekundu. Nauliza: nani alizipaka?"

"Ni mimi," Kasiva alisema.

"Wewe?"

"Sheria haimruhusu raia kuendesha gari lenye rangi ya jeshi. Nililipaka lote. Niliona hizo nyekundu nikadhani ni pambo la askari fulani. Nilizipaka mara tatu, kwa burashi ndogo, ili zisionekane hata kidogo."

Alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayesoma barua aliyoandikiwa na mkubwa wake kazini.

"Miezi kumi na minne nimekufundisha," Kweyu alisema. "Hukuniuliza?"

"Sikukuuliza."

"Ungemuua mtu. Ungeniua mimi! Wiki ijayo ningekuja kulitoa gurudumu hili gizani, kwa mazoea, na nisingeiona rangi."

"Najua, Kweyu."

"Hujui!"

Na Mutisya, aliyekuwa chini mavumbini, akasimama. Kauli aliyoihitaji ilikuwa imeletwa mlangoni kwake bila kuiagiza.

"Mmesikia?" aliuliza, akigeukia ukuta, ambako majirani walikuwa wamekwisha kupanga vichwa kama vibuyu. "Amekiri! Alificha alama ya kifo, akaniacha niikaribie! Huu si usahaulifu. Huu ni mtego!"

"Wacha weee!" alisema Muhonja, mwuza mboga wa ploti ya pili. "Amemtegea shemejiye kama panya!"

"Mtego gani?" Kasiva alifoka. "Nani alikuita kwenye gurudumu langu? Nilikutegea wizi pia?"

"Kaka yangu alikufa mikononi mwako, na mimi ulitaka nimfuate."

"Mutie alikufa kwa malaria, na wewe ndiye uliyekataa kutoa gari la kumpeleka hospitali, kwa sababu lilikuwa na mchanga!"

Vichwa vya ukutani viliinama. Hata Muhonja alishusha macho.

Mutisya alimsogelea hadi pumzi zao zikagongana. "Rudia hilo neno."

"Nitalirudia mpaka unizike."

"Basi!" Mzee Ngui alipiga fimbo chini. "Sikuja kusikiliza matanga ya zamani. Ni saa tano na dakika tano. Hukumu haijabadilika."

"Baba," Kasiva alimgeukia, "nimelitoa upepo ili mwanao asife. Nipe saa moja zaidi."

"Uliomba saa zaidi ulipokuwa unapaka rangi?"

"Baba, umeona kwa macho yako."

"Nimeona gari lisilotembea. Dakika hamsini na tano, mke wa Mutie. Zinapungua ukiongea."

Kasiva alikimbia nyuma ya kichwa cha lori, mahali linapofungwa gurudumu la akiba. Palikuwa patupu. Bolti zilikuwa zimekatwa kwa msumeno, na chembe za chuma zilikuwa bado zinang'aa.

"Liko wapi?"

"Linafanya kazi," Mutisya alijibu kutoka mbele. "Liko machimboni, linabeba mawe. Gurudumu nalo huchoka kukaa bure, shemeji."

Kasiva aliuma mdomo. Alirudi kwa Kweyu, akachutama kando yake.

"Unaweza kuzikaza tena?"

"Kuzikaza naweza. Na upepo? Pampu iliyo karibu iko barabara kuu. Gurudumu hili lina uzito wa mtu na nusu."

"Wewe zikaze."

Kweyu alimtazama kwa jicho kali. Bado alikuwa na hasira naye, na hasira hiyo haikuisha siku hiyo wala siku iliyofuata. Lakini alishika spana.

Kasiva alipanda ndani ya lori, akainua kiti, akatoka na mpira mweusi mrefu wenye vichwa viwili vya shaba.

"Hiyo nayo ni nini?" Muhonja aliuliza. "Nyoka?"

Kasiva alikuwa ameusaka mpira huo miezi mitano katika vibanda vya vyuma chakavu, na wauzaji walimcheka wakimwuliza kama anafungua kituo cha zimamoto. Lori la jeshi halitafuti pampu barabarani. Lina pampu yake, na lina tangi la upepo unaosaidia breki. Ukiunganisha mpira, upepo wa tangi huingia tairini.

Kweyu aliuona, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo akatikisa kichwa kwa kukubali.

"Washa injini basi."

Kasiva aliugeuza ufunguo. Hapakuwa na sauti. Aliugeuza tena.

"Betri," Mutisya alisema kwa upole wa kutengeneza, "niliipeleka jana ikachajiwe. Nilitaka kukusaidia."

Majirani walicheka. Alikuwa mcheshi, Mutisya, na ndilo lililomfanya awe hatari.

Kasiva alishuka. Alichomoa kutoka chini ya bampa chuma kirefu kilichopindwa mara mbili. Ilikuwa hendeli ya kuzungushia injini kwa mkono, bila betri. Aliichomeka mbele ya lori, akavua viatu vya kisigino kifupi, akasimama peku kwenye mavumbi.

"Vidole vyote upande mmoja," Kweyu alimkumbusha bila kuinua kichwa. "Gumba lisizunguke. Ikirudi nyuma itakuvunja mkono."

"Najua."

"Ya nati pia ulijua."

Alizungusha. Injini ilikohoa, ikairudisha hendeli kwa nguvu ya punda, ikampiga mfupa wa kiganja. Alipiga ukelele mfupi.

"Mwanamke anasaga lori kama mahindi!" Mutisya alishangilia. "Mzee, ukoo wetu umepata kinu!"

Akazungusha mara ya pili. Kimya. Alifuta damu kwenye sketi, akashika tena, akajitupa na uzito wake wote chini.

Lori lilinguruma.

Lilinguruma hadi kuku wa Muhonja wakaruka ukuta. Moshi mweusi ulitoka, kisha wa kijivu, kisha injini ikatulia, ikaimba kwa sauti moja nzito. Hakuna aliyecheka. Ukoo wote ulikuwa haujawahi kuisikia.

Saa tano na dakika ishirini na moja.

Tairi lilianza kuvimba, polepole, polepole mno. Kasiva alisimama kando ya boneti, ameshika kichwa cha mpira. Mutisya alikuja akaegemea mlango wa lori. Hakuwa na la kufanya ila kusubiri, na kusubiri kulimwasha.

"Niambie ukweli mmoja," alisema. "Lina faida gani?"

"Halina."

"Basi wewe ni mwendawazimu."

"Siku tano napiga taipu maneno ya watu wengine," Kasiva alisema, macho yakiwa tairini. "Wakikosea wao, nakaripiwa mimi. Siku ya sita nataka kitu ambacho kikienda vizuri ni kwa mkono wangu, na kikiharibika kosa ni langu."

"Na leo limeharibika."

"Ndiyo. Na kosa ni langu. Hilo huwezi kuniibia."

Mutisya alitema mate karibu na miguu yake iliyo peku.

"Saa sita ikipita, nitalikata sehemu ya nyuma nilifanye la kumwaga mchanga. Nitalipitisha hapa kila siku, ulione likilia."

Saa sita kasoro dakika tano, Kweyu aliligonga tairi kwa nyundo, akasikiliza. Aliondoa mpira, akashusha jeki. Gurudumu lilikanyaga ardhi, likasimama imara.

Kasiva alikuwa amekwisha kupanda. Kweyu aliruka kwenye kikanyagio, akaingiza kichwa dirishani, akaonyesha saa ndogo ya upepo kwenye dashibodi. Mshale wake ulikuwa umelala kwenye sifuri.

"Usiende! Tangi tumelikausha. Upepo wote umeingia tairini. Breki hazina msaada, ni kama kukanyaga jiwe. Na breki ya mkono hatujaitengeneza, unajua. Subiri mshale upande."

"Muda gani?"

"Dakika saba. Nane."

"Mzee!" Kasiva aliita. "Dakika nane tu! Injini inawaka, unaisikia!"

Mzee Ngui aliitazama saa yake ya mfukoni.

"Dakika nne," alisema. "Saa yangu haijui mambo ya breki."

Kasiva alilipima lango kwa macho. Ploti ilikuwa imeinamia barabara, mteremko mdogo, ambao mtu akitembea haujui, ila mpira wa mtoto huujua. Hatua arobaini. Gia ya kwanza ingelishika lori, akienda polepole.

"Shuka, Kweyu."

"Mama Ndindi, tumefanya kosa moja leo."

"Shuka!"

Alishuka akilaani kwa lugha ya kwao. Lori lilitikisika, likajivuta, likaanza kwenda. Majirani walipiga vigelegele bila kujua wanashangilia upande gani.

Na hapo Mutisya, aliyeona mali inamtoka, akafanya jambo ambalo halikuwa limemjia mtu mwingine akilini.

Alikimbia mbele. Alilifunga lango la chuma, akasukuma komeo, akageuka, akaliegemea kwa mgongo, mikono ameitandaza.

"Toka hapo!" Kweyu alilia. "Halina breki!"

"Litasimama!" Mutisya alijibu, na safari hii hakuwa anacheka. Alikuwa ametulia kabisa. "Namjua shemeji yangu. Aliyenitolea upepo hawezi kunigonga. Dakika tatu tu, Mzee! Hesabu!"

Aliuegemea wema wa shemeji yake kama alivyoliegemea lile lango.

Kasiva alikanyaga breki kwa miguu miwili. Kilikuwa chuma juu ya chuma. Lori lilisita kidogo tu, kisha likaendelea, tani nne na nusu. Mteremko ulilikamata, na injini ikapiga kelele kwa mwendo usiokuwa wake. Gia ya kwanza ikaruka, ikatoka. Aliisukuma kurudi. Ikasaga meno, ikakataa. Aliisukuma tena. Ikakataa.

Hatua ishirini.

Mbele yake alikuwa Mutisya, ametumbua macho, bado anaamini. Kulia, kandokando ya nguzo ya lango, Mzee Ngui alikuwa kitini na fimbo yake. Kushoto palikuwa na ukuta wa mawe ya Njiru, uliojengwa na Mutie kwa mikono yake mwaka aliomwoa Kasiva.

"Shukeni ukutani!" Kasiva alipiga kelele.

Vichwa vikatoweka.

Akazungusha usukani kushoto kwa uzito wake wote.

Bampa la jeshi halikutengenezwa kwa ajili ya adabu. Lilipiga ukuta, na ukuta ukafunguka kama kinywa. Mawe yaliruka barabarani, vumbi likafunika lango, Mutisya, Mzee na kiti chake. Ndani ya vumbi hilo injini iliendelea kuimba. Lori lilivuka njia, likapanda tuta la changarawe ya murram upande wa pili, likayumba, likasimama.

Jiwe la mwisho lilibingirika barabarani.

Kisha Kweyu akapita kwenye tundu, akikohoa, akahesabu kwa kidole. Moja, mbili, tatu, nne. Magurudumu yote yalikuwa nje.

"Limetoka!" alipaza sauti. "Kwa nguvu za injini yake! Saa ngapi, Mzee? Sema saa ngapi!"

Mzee Ngui alikuwa amesimama, mweupe kwa vumbi kama aliyepakwa majivu. Aliipangusa saa kwa gumba. Mutisya alikuwa bado ameshikilia lango lisilolinda kitu tena, mzima, bila mkwaruzo.

"Bado dakika moja na nusu," Mzee alisema.

Kasiva aliweka paji la uso juu ya usukani.

"Hukumu ni hukumu. Lori ni lako, mke wa Mutie."

Muhonja alipiga kigelegele, safari hii akijua upande. Mzee aliinua fimbo, akamkatiza.

"Sijamaliza. Mtu wa nyumba hutoka kwa lango. Anayetoka kwa kubomoa ukuta wa marehemu hakutoka. Amehama. Mutisya!"

"Naam, Mzee."

"Kamtolee vyombo vyake. Chumba chake utakaa wewe. Avikute barabarani, na asivuke tena mawe haya."

Mutisya hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Aliliacha lango, akakimbia nyumbani, na punde kitanda cha chuma kilisikika kikiburutwa sakafuni. Alichungulia dirishani, meno yote nje.

"Furahi, shemeji! Lori lako limepata kitu cha kubeba!"

Kweyu alikuwa amefika kwenye mlango wa lori. "Mama Ndindi," alinong'ona, "twende. Hii utaipeleka kwa chifu Jumatatu. Leo tumepata lori. Twende."

Kasiva aliinua kichwa. Alikitazama chumba chake. Alitazama godoro lililokuwa linatoka kwa dirisha, likifuatwa na sufuria, likifuatwa na sanduku la vitabu vya Ndindi, ambalo lilifunguka likianguka. Alimtazama Mzee Ngui, aliyekuwa amekikunjua kiti chake upya na kukiweka katikati ya tundu la ukuta, ameketi, fimbo magotini.

"Mzee," aliita, kwa sauti ya heshima kamili. "Ondoka kwenye tundu hilo."

"Unasema nini?"

"Nakuomba uondoke hapo ulipokaa. Sina hakika kama breki zimerudi."

Akaingiza gia ya kurudi nyuma.